Namba Moja Iko Chini

Mnanicheka, najua. Juzi mlipopita hapa kwangu Minjila, mmevaa fulana mpya mlizopewa na hao watu wanaopima udongo wa delta, mmoja wenu aliuliza kwa sauti, akidhani masikio yangu nayo yamestaafu: "Huyu budaa si ndiye alikuwa anaokota mawe huko Nakuru?" Mkaangua kicheko. Mjukuu wangu Zainabu, aliyeajiriwa pamoja nanyi, akacheka pia, kisha akajifanya anakohoa.

Haya. Nimeokota mawe miaka zaidi ya thelathini. Na kwa kuwa sasa nyinyi mnatoboa ardhi, mnatia udongo mifukoni na kuandika namba juu ya mifuko, nina neno langu kwenu. Zainabu ndiye anayelichapa kwenye simu, huku ananung'unika kwamba nasema haraka. Likiwachoma, shauri yenu. Mimi limenichoma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Mnajua wenyewe kwamba huku kwetu hakuna mawe. Kuanzia hapa mpaka Kipini, kwao mama yangu, ni udongo mtupu ulioletwa na mto. Hata mafiga ya jikoni tulifinyanga. Baba yangu alikuwa mchimba visima, akiwachimbia Waorma na Wasomali wenye ng'ombe, na mimi nilishuka visimani kwa kamba kabla sijaota ndevu. Nilipopata kibarua cha mawe huko bara, rafiki yake baba, mzee mmoja wa Kiorma, alicheka mpaka akaishikilia fimbo yake kwa mikono miwili. "Athman," akaniambia, "umeenda mbali hivyo kutafuta jiwe? Huku hatuna hata la kumtupia fisi, na bado tunaishi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na kituo cha utafiti, jina lake silitaji, kilichokuwa kikichunguza milima ya volkano ya Bonde la Ufa. Mkubwa wetu tukimwita Daktari. Chini yake alikuwepo Mzee Mutiso, Mkamba wa Kitui, mrefu, mzee wa kanisa, mtu asiyejua pombe wala matusi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa sampuli, yaani vipande vya mawe tulivyovunja ukutani na kuvipeleka maabara. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Chini ya Mutiso nilikuwepo mimi, kibarua, mbeba mifuko. Akiniita "wewe Mpwani".

Kila ninachokijua kuhusu jiwe nilifunzwa na Mutiso. Alinifunza kupiga nyundo kwa kiwiko, si kwa bega, la sivyo jioni huwezi kuinua kijiko. Alinifunza kuandika namba mara mbili: moja juu ya mfuko, na nyingine kwenye karatasi ndogo iliyofungwa kwa nailoni na kutiwa ndani, kwa sababu mifuko husuguana garini na wino wa nje hufutika. Hilo mlifanye leo hii, nyinyi wenye fulana. Nimeona mifuko yenu, imeandikwa nje tu.

Alinifunza pia kulamba jiwe. Msicheke. Jiwe likiwa kavu limejaa vumbi, fuwele zake, zile chembe zinazometameta, hazionekani. Ukililamba zinajitokeza. Mimi nikaona fahari, nikawa nalamba kila kitu. Siku moja nikalamba jiwe jeusi lenye kung'aa, lina chumvichumvi, nikamwita Mutiso nikidhani nimegundua madini. Akalitazama, akatazama juu ya mwamba. Pimbi watatu walikuwa wamekaa pale wakitutazama. "Wewe Mpwani," akasema, "hapo ni chooni kwao." Nilisukutua maji mpaka kesho yake, na Mutiso alicheka mpaka akaketi chini. Ilikuwa nadra kumwona akicheka vile, ndiyo maana nakumbuka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa msiponielewa, na yaliyobaki hamtayaelewa.

Chini ya mlima wa volkano kuna magma, mwamba ulioyeyuka, imekaa kama kwenye chungu kikubwa. Ikikaa muda mrefu inajipanga. Ile nyepesi yenye gesi nyingi hupanda juu. Ile nzito, yenye moto zaidi na fuwele nyingi, hubaki chini. Daktari alilieleza jambo hili kwa michoro, sikuambulia kitu. Nililielewa kwa maziwa. Mama alikuwa akinunua maziwa kwa Waorma, akiyaacha kibuyuni yakatulia, mafuta yanapanda juu. Ukiinamisha kibuyu polepole, nini hutoka kwanza? Mafuta. Maziwa ya chini hutoka mwisho.

Basi na mlima ndivyo. Siku unapolipuka, kinachotangulia kutoka ni kile cha juu ya chungu. Kinaporomoka mteremkoni, wingu la jivu la moto, kinaenda kulala ardhini. Halafu hutoka cha katikati, kinalala juu yake. Mwisho hutoka cha chini kabisa, kinalala juu ya vyote. Jivu lile likipoa linagandamana, linakuwa jiwe, hilo hilo ambalo watu wa Nakuru wanachonga matofali ya nyumba. Kwa hiyo ukisimama mbele ya ukuta wa jiwe hilo, unatazama chungu kilichopinduliwa. Tabaka la chini ndilo lililokuwa juu, na la juu ndilo lililokuwa chini.

Na ndani ya jivu hilo mna vipande vya mawe mepesi yenye vitundu, yale wanawake wanayosugulia visigino. Mutiso aliniambia, "Jivu usilichukue. Jivu limekokota takataka za njiani, upepo umelipunguza. Chukua hili jiwe la visigino. Hili ni tone lililotoka chunguni moja kwa moja." Ukiyaokota ukutani tabaka kwa tabaka, ukayapanga kwa namba, ukayapeleka maabara, utajua chungu kilikuwaje kabla hakijapasuka, hata kama kilipasuka kabla hajazaliwa mtu wa kukiona. Ndiyo kazi hiyo. Kuokota mawe.

Siku hizi mambo rahisi. Kabla sijastaafu walileta kitu mfano wa bastola, unalielekezea jiwe, unabonyeza, majibu yanatoka kwenye kioo. Sisi tulitwanga mawe kwenye kinu cha chuma, unga ukatumwa ng'ambo, tukangoja miezi. Bastola nzuri, siikatai. Lakini hata bastola haijui jiwe umelitoa juu au chini. Hilo inaliamini kutoka kwako.

Kulikuwa na timbo la mawe lenye kuta mbili, ya kaskazini na ya kusini. Kwa macho zote ni kijivu kimoja, kama jivu la jikoni, huwezi kubagua tabaka na tabaka. Daktari alitaka sampuli nane kila ukuta, mita mbili mbili, na yeye mwenyewe alikuwa Nairobi kwenye mikutano wiki ile nzima. Ukuta wa kaskazini aliufanya Mutiso, akianzia miguuni pake na kupanda kwa ngazi. Ukuta wa kusini haukufikika kwa chini, wachimbaji walikuwa wameuzika kwa kifusi karibu nusu ya urefu wake, na kifusi chenyewe kilikuwa kinaporomoka. Ilibidi mtu ashuke kutoka juu, apite kwenye mwanya kati ya kifusi na ukuta. Mutiso goti lilikuwa bovu. Akanitazama. "Wewe ni mtu wa kamba," akasema.

Nami nilikuwa mtu wa kamba kweli. Nikafunga fundo la baba, nikashuka, nikavunja, nikatia mfukoni, nikaandika. Moja. Nikashuka mita mbili. Mbili. Nikashuka tena. Tatu. Mpaka nane, kule chini gizani kwenye mwanya.

Kwa mchimba kisima, tabaka la kwanza ni lile unalolikanyaga. Baba alikuwa akiimba akichimba: la kwanza udongo mweusi, la pili mfinyanzi, la tatu mchanga, la nne maji. Hakuna mchimba kisima wa Tana anayeanza kuhesabu kutoka kwenye maji. Atayajuaje kabla hajayafikia? Lakini kwa watu wa mawe namba moja iko chini, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kulala. Mutiso alikuwa ameniambia, si mara moja. Nilimsikia. Ila siku zote tulikuwa tunaanzia chini kwa miguu, namba ikifuata hatua zangu, sikuwahi kujiuliza namba ni ya jiwe au ni ya miguu yangu. Siku ile nilipokuwa kwenye kamba, alihesabu mtoto wa kisima.

Jioni Mutiso alikaa na daftari. "Nane zote?" "Nane zote, Mzee." "Mita mbili mbili?" "Mbili mbili." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kanisani: namba moja, chini kabisa, namba nane, juu kabisa. Alikuwa na imani nami.

Majibu yaliporudi, Daktari nusura apae. Ukuta wa kaskazini ulisema chungu kilimwagika kama kawaida, chepesi kikitangulia. Ukuta wa kusini ukasema kinyume chake, kizito kimelala chini, chepesi juu. Mpangilio kama huo haupatikani ovyo. Daktari akaamua kulikuwa na chungu cha pili chini ya mlima ule, chenye mambo yake. Akaandika. Akasafiri nao ule ugunduzi wake. Wallahi nami nilifurahi. Nilijisemea, ni sampuli zangu hizo, mimi wa Minjila nisiye na hata figa la jiwe. Nilimwandikia baba barua.

Zaidi ya mwaka ukapita, wakaja wageni kuutazama ukuta wa maajabu. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mtu mzima wa kigeni, bingwa wa mambo hayo, mwenye kofia ya ukindu na lenzi shingoni. Kifusi kilikuwa kimeshaondolewa, ukuta umebaki wazi mpaka chini. Akainama, akachokoa jiwe la visigino pale miguuni pake, akaliweka kwenye lenzi. Akachokoa jingine. Kisha akamuuliza Daktari kwa upole tu, mbona hapa hamna fuwele? Si ndiyo namba moja hii? Si ingejaa fuwele?

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimebeba dumu la maji. Nilijua papo hapo. Niliiona kamba, nikaona mguu wangu ukikanyaga ukutani, moja, mbili, tatu. Maji yalinimwagikia viatuni, nikayaacha.

Daktari akageuka. "Daftari hili aliandika nani?"

"Niliandika mimi," Mutiso akasema.

"Ulikuwa umelewa?"

Mbele ya wageni. Mbele ya wachimbaji wa timbo. Mzee wa kanisa. Mutiso akasema, "Daktari, mimi namba zangu nazijua." Daktari akasema, "Zako ndizo zimeniaibisha." Halafu Mutiso akageuza kichwa, akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama vile alivyonitazama siku ya kamba.

Nikatazama dumu.

Mnataka sababu? Ninazo. Mwezi ule ndio nilikuwa naandikiwa kazi ya kudumu. Mke wangu alikuwa na mimba ya mama yake Zainabu. Baba kifua kimembana, hawezi tena kushuka kisimani. Zote za kweli, na zote nimeshazitumia mpaka zimechakaa. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "mimi", nami sikulitoa. Nilidhani nitalisema jioni, Daktari akipoa. Jioni Mutiso alikuwa ameshafukuzwa, anakunja blanketi lake. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani! Mimi, kwa mikono hii! Akaniambia, "Kaa salama, Mpwani." Nikamjibu, "Nenda salama, Mzee." Mungu anisamehe, maana mimi sijisamehe.

Wiki iliyofuata nikapewa kazi yake na nyundo yake. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba chake, kikubwa kuliko changu, kwa hiyo miaka yote ile nilishika nyundo yenye alama ya kidole cha mtu mwingine. Chungu cha pili kilifutwa kimyakimya, na Daktari akaandika kwamba lilikuwa kosa la msaidizi. Alipanda cheo hata hivyo. Watu wa namna hiyo hawaanguki, wanaangukia watu wengine. Nilikuwa namchukia sana, na kumchukia kulinisaidia. Kila nilipomchukia yeye, nilisahau kidogo ni nani aliyekuwa na dumu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikasomesha, nikajenga nyumba hii mnayoiona. Nikawa fundi anayesifiwa. Vijana waliokuja chini yangu niliwakaripia juu ya namba mpaka wakanipa jina, Bwana Chini. Walidhani ni ukali wa kazi.

Nilipostaafu nikarudi hapa. Nilikaa mwaka. Halafu siku moja nilipita mahali wanachimba kisima, vijana wawili wa Kipokomo wako chini, mmoja anapaza sauti, "La kwanza tumelimaliza!" Nikarudi nyumbani, nikafunga nguo mbili, nikapanda basi. Hola, Garissa, Mwingi, Kitui. Nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa yu hai.

Nilimkuta uani kwake, juu ya kiti cha kamba, macho yameingia ukungu. Binti yake akamwambia kuna mgeni. Nikasema, "Hodi, Mzee Mutiso. Ni Athman."

"Mpwani," akasema. Sauti haikuzeeka.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kuketi. Kamba, namba, kisima cha baba, dumu, mimba, nyundo. Nililia, sifichi. Nyundo nilikuwa nimeibeba, nikaiweka mapajani mwake. Akaupapasa mpini mpaka kidole gumba kikapata mahali pake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini, Mzee?"

"Yule mama alipouliza. Mtu akishuka kwa kamba anahesabu anavyoshuka. Nilijua kabla Daktari hajageuka. Nilipaswa kukuuliza jioni ile ya daftari, sikuuliza. Hilo ni langu."

"Sasa mbona hukusema ni mimi?"

"Ningesemaje? Ningeonekana namtupia kibarua lawama. Kulisema ilikuwa kazi yako. Nikakutazama, nikangoja." Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yake. "Barabarani nilingoja. Huku nyumbani nilingoja, mwaka wa kwanza, wa pili. Mke wangu akaniuliza kwa nini kila gari likisimama nainua kichwa. Kanisani walinivua uzee. Walisikia nilifukuzwa kwa pombe. Mke wangu amekufa watu bado wanasema mumewe alikuwa mlevi."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

Wala hakunijibu hilo. Hakuniambia kaa, hakuita chai, na nyinyi mnajua nyumba ya Mkamba mgeni hatoki bila chai. Nyundo akaishikilia. Mwishowe akasema, "Aiyaa, Mpwani. Umesafiri siku mbili kuniambia mimi. Mimi nilikuwepo. Nenda ukawaambie ambao hawakuwepo."

Nilienda mpaka kanisani kwake siku ileile, kofia yangu mkononi, Mwislamu mimi, nikamwambia mchungaji. Alikuwa kijana, hakumjua Mutiso wa zamani, akaandika kwenye karatasi kwa adabu. Nikaenda na kwenye kile kituo. Daktari alishakufa kwa heshima zake zote, na ofisini wakaniambia mafaili ya zama zile hayapo.

Kwa hiyo mmebaki nyinyi. Zainabu ameacha kuchapa, ananitazama. Chapa, mwanangu. Mimba ile ilikuwa ya mama yako, usiifute.

Kesho mtarudi huko kutoboa udongo. Kabla ya kutia kitu mfukoni, muulize mkubwa wenu namba moja ni ya juu au ya chini, hata akikuona mjinga. Namba iwe nje na iwe ndani. Na siku mtu ataulizwa kwa kosa lako, ukasikia mdomo wako umekuwa mzito, sema hapo hapo, maji yakimwagika yamwagike. Ikifika jioni utakuwa umeshambebea mwenzako sanduku.

Na mkipita Kitui, yule mzee ni Mutiso, mkuu wa sampuli. Hakuwahi kulewa. Ukuta wa kaskazini aliufanya yeye, na namba zake zilikuwa sahihi, zote nane. Zilizokosewa ni zangu.